Jini Aliyesingiziwa Waya

Meza ilikuwa na wiki tatu tu ndani ya nyumba ilipoanza kutoa harufu. Si ile ya mbao mpya, ambayo kila mtu huipenda, wala si ya vanishi. Ilikuwa harufu ya nywele zilizopitiwa na moto. Ilikuja mida ya saa nne asubuhi, ikapotea mara tu mtu akisema, "Hebu nusa."

Mwenye meza, ambaye kaka yake alimwita Msomi tangu wakiwa wadogo, aliinusa siku mbili akanyamaza. Siku ya tatu aliegemeza mkono kwenye ukingo wa meza, na kitu kikamtambaa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, taratibu, kama vidole vinavyotafuta mahali pa kushika. Akainuka, akaenda kusimama jikoni, akampigia simu kaka yake.

"Kaka, meza yako ina kitu."

"Kitu gani? Imepinda?"

"Haijapinda. Inanishika."

Upande wa pili wa simu randa iliyokuwa ikikwaruza mbao ilinyamaza. "Usiiguse," alisema kaka mtu, upesi kuliko inavyompasa mtu asiyejua kitu. "Nakuja."

Huyu kaka alikuwa seremala, na mji mzima ulimwita Milimeta. Ni fundi wa kukurudia nyumbani siku ya pili kwa sababu bawaba ya kabati imekaa nje ya mstari kwa unene wa unywele, hata kama wewe umeridhika na unataka akuache upumzike. Jina hilo alilipenda mno. Alilipaka kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana, kwa hiyo unaona mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Meza yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Msomi alifanya kazi nyumbani. Alisikiliza rekodi za mikutano masikioni, akazichapa kwenye kompyuta neno kwa neno. Chini ya meza yake ya zamani nyaya zilikuwa zimesokotana vibaya. Akinyoosha mguu tu, kompyuta inazimika na kazi ya saa nzima inapotea. Alimwambia kaka yake jambo moja: "Sitaki kuona waya hata mmoja." Basi Milimeta akaitengenezea meza mgongo wenye uwazi ndani, kama sanduku refu na jembamba. Nyaya zote ziliingia kwa tundu moja nyuma ya kioo cha kompyuta, zikalala ndani ya sanduku pamoja na soketi zake, na waya mmoja tu ukashuka kupitia mguu wa nyuma, alioutoboa katikati, hadi ukutani. Ukingo akauzungushia bapa jembamba la alumini. Kifuniko cha nyuma akakifunga kwa gundi na skrubu, na vichwa vya skrubu akavifukia kwa vipande vya mbao vilivyofuata mistari ya ubao, hata ukipitisha ukucha hukuti pa kukwama.

Skrubu ya mwisho ndiyo iliyomharibia. Aliisikia mkononi, kwenye mpini wa bisibisi, ikipita kwenye kitu laini ambacho hakikuwa mbao. Akaitoa, akaitazama, akaona kwenye meno yake chembe ya shaba iking'aa. Ametoboa waya. Gundi ilikuwa imeshaanza kushika, na kukibandua kifuniko kungekuwa kukichana. Na sebuleni kwa Msomi walikuwa wameketi watu wa ofisi fulani waliokuja kuiona meza, wanaotaka ishirini kama hiyo, mume wa Msomi akiwaambia, "Huyu bwana hakosei." Milimeta akapenyeza utepe mweusi kupitia ufa uliobaki, akaubana ulivyobanika, akaisogeza skrubu upana wa kidole, akafunga. Kisha akaenda sebuleni kunywa chai na kusifiwa.

Kwa hiyo siku ile alipofika na kuugusa ukingo wa alumini, alijua kilichomrusha mkono. Msomi alisimama mlangoni, mikono kaibana kwapani. Mumewe, ambaye alifundisha hesabu na kila mtu alimwita Mwalimu, alikuwa amekaa pembeni akimtazama shemeji yake kwa utulivu wa mtu anayesahihisha mtihani.

Maneno ya kusema yalikuwa matatu tu: nilitoboa waya, nisameheni. Yalifika hadi kwenye meno. Kilichotoka kikawa kingine.

"Hapa pana mtu," alisema.

"Mtu gani?" Msomi alinong'ona.

"Si kama sisi."

Na kwa kuwa uongo wenyewe ulikuwa mfupi mno, akaurefusha. Ni jini jike, alisema. Anakaa nyuma ya meza kakunja magoti. Anapenda joto. Mkono wake mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, ndiyo maana anawafikia watu wakiwa wamekaa. Hata yeye alishangaa maneno yale yalikotoka, maana yalikuja moja baada ya lingine bila kutafutwa.

"Tumwite fundi umeme," Mwalimu alisema.

"Fundi umeme atabomoa meza bure, shemeji. Jini huwezi kumpima kwa testa."

"Nina kazi ya kukabidhi Ijumaa," Msomi alisema. "Kompyuta ni hiyo hiyo na nyaya zote zimefungwa humo ndani. Nikakae wapi?"

Hapo Milimeta aliona aibu ya kweli. Huyu mdogo wake alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Alimfundisha kufunga kamba za viatu, alimsindikiza shule, alimlipukia kila aliyemliza. Na sasa anamwacha akae na waya ulio wazi. Aibu ilimwuma, lakini haikumfungua mdomo.

"Vaa ndala za mpira ukikaa hapo," alimwambia. "Chini ya miguu weka ubao mkavu. Na usiuguse huo ukingo. Majini hawapatani na mpira."

"Majini wanaogopa ndala?" Mwalimu aliuliza.

"Wewe ni mtu wa hesabu, shemeji. Haya niachie mimi."

"Nauliza tu. Nakuona unajua mengi."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Wenyeji wangempisha Jumamosi, naye angefungua mgongo wa meza akiwa peke yake, abadilishe waya, afunge upya, kisha atangaze kwamba mgeni ameondoka. Kosa lingefutika na jina lingebaki. Alilala vizuri siku hiyo, na siku iliyofuata pia.

Alhamisi mchana Msomi akapiga simu. Aliongea chini chini kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Kaka, nimemsikia."

"Nani?"

"Huyo uliyenieleza. Nilikuwa nasikiliza rekodi, watu wawili wanabishana juu ya paa la shule. Katikati yao akawa anapumua mtu wa tatu. Nikavua vile vya masikioni, bado namsikia. Yuko nyuma ya meza. Magoti yanamlia akijisogeza."

"Ni mbao zinakauka, Msomi. Mbao mpya hulia."

"Wewe si ulisema ni magoti?"

 Milimeta alikuwa ameshika penseli na akajikuta ameivunja.

"Ila hukuniambia kama huwa anacheka," Msomi alisema.

Jumamosi saa tatu asubuhi walimwachia ufunguo wakaondoka. Mwalimu aligeuka nyuma mara mbili kabla hajafika kwenye kona. Chumba kilijaa jua. Nje watoto wa jirani waligombania mpira, na mahali fulani mtu alikuwa anapiga pasi akiimba vibaya. Milimeta alichomoa plagi ukutani, akailaza sakafuni mahali anapoiona, akapiga magoti nyuma ya meza, akazifukua skrubu na kuzitoa, akaanza kuikata gundi kwa msumeno mwembamba. Alisikitika kama anayejikata mwenyewe. Kazi nzuri namna ile, na ilichukua dakika kumi tu kuichana.

Kifuniko kikaachia. Hewa ya moto ikampiga usoni, joto la kitanda alichokitoka mtu sasa hivi.

Waya ulikuwa mzima. Aliuvuta, akaupapasa urefu wake wote, akaukunja kila mahali akitafuta jeraha, akapata plastiki laini isiyo na hata mkwaruzo. Utepe wake mweusi ulikuwa pembeni, umeviringishwa vizuri, ukawekwa pale kama kitu kinachorudishwa kwa mwenyewe. Akainamisha kichwa atazame ndani zaidi, na katika vumbi la mbao lililobaki humo tangu siku alipoifunga meza, vumbi ambalo hakuna mkono uliokuwa na njia ya kulifikia, akaona alama mbili za mviringo zilizokaa sambamba, alama za magoti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuchoka, na kando yake vidole vitano vilivyojichora vizuri mwishoni mwa mfuo mrefu, mrefu kupita mkono wa mtu yeyote aliyewahi kumpima, mfuo ulioanzia ndani kabisa gizani na kuja, na kuja, na kuishia hapa hapa ukingoni, chini ya kidevu chake.

"Anapenda joto," ilisema sauti kutoka ndani. "Anakaa kakunja magoti."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila imevaliwa na mtu asiyeizoea.

"Sikukuita," Milimeta alisema. "Nilitunga tu."

"Ulitunga magoti. Ukatunga mkono. Halafu ukanipa kosa. Hakuna aliyewahi kunipa kitu." Kitu kikalia humo ndani, kama kiungo kinachojinyoosha. "Nimelitazama kosa lako. Lilikuwa limefanywa vibaya, nimeliondoa. Nitafanya la kwangu, na litakuwa zuri kuliko lako."

Plagi ilikuwa sakafuni, meno yake mawili yakitazama dari. Milimeta aliitazama, akaendelea kuitazama, huku kile kitu kikimshika kifundo cha mkono na ule mtambao ukimpanda hadi begani, hadi kwenye taya, hadi kwenye mizizi ya meno. Alipoachiwa alitoka mbio akaacha zana zote pale pale.

Alikimbilia kwa mama mmoja aliyeshona sare za shule kwenye chumba chake cha mbele. Watu walimwita Mama Cherehani, na waliomjua walijua pia kwamba hashoni sare tu. Nyumba zenye matatizo ya namna hii zilimfuata yeye. Alimsikiliza Milimeta bila kuacha kushona. Mguu wake ulisimama mara moja tu, Milimeta alipofika kwenye kisa cha skrubu.

"Huyo hakutoka kwenye mbao," alisema. "Alikuwa anapita zake, hana jina wala kazi. Wewe ukampa vyote viwili."

"Nitaichoma meza."

"Choma. Atahamia kwenye pasi, au birika la umeme, au taa ya bafuni. Sasa hivi angalau unajua anakokaa."

"Basi nifanye nini, mama?"

"Rudi kwa uliowaambia uongo, uutoe mbele yao. Wakiamini kosa ni lako, yeye hana tena cha kushika. Wasipoamini, bado ni lake, na atalifanya."

"Wataamini. Nani anajisingizia?"

Mama Cherehani akakata uzi kwa meno, akamtazama kwa muda. "Unaitwa nani huko mjini?"

Akamtajia.

"Haya," alisema mama, akarudi kwenye sare yake. "Nenda upesi."

Aliwakuta wote wawili chumbani. Nyaya zilikuwa zimechomekwa, kompyuta inawaka, na Msomi amekaa mezani. Mwalimu alikuja kumpokea mlangoni, uso umemshuka.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nilikushuku. Nilirudi mapema na fundi umeme, tukakuta umefungua na umeondoka. Amepima kila kitu. Waya ni kama umetoka dukani leo. Nilidhani unatuficha kitu."

"Nawaficha!" Milimeta alisema. "Nilitoboa waya. Siku ile ile ya kufunga. Skrubu ya mwisho. Hakuna jini, yaani hakukuwepo, mimi ndiye niliyesema yupo ili msijue."

Msomi akatabasamu, machozi yakimlengalenga, na tabasamu lile lilimwogopesha kaka yake kuliko sauti ya ndani ya sanduku.

"Kaka, unajitwisha kosa ili mimi nisiogope."

"Msomi, nasema kweli."

"Wewe? Utoboe waya? Wewe uliyerudi usiku na mvua kunyoosha droo yangu ya jikoni?" Aliangua kicheko kidogo, cha mapenzi. "Tangu mtoto unanifanyia hivi. Nikiogopa mbwa unasema mbwa amekufa."

"Shemeji, waya umepimwa," Mwalimu alisema kwa upole.

Nyuma ya meza magoti yakalia. Hawakusikia, au walidhani ni kiti. Milimeta alisikia, na akauona pia: kivuli chembamba kikitoka kwenye mgongo ulio wazi, kikifuata ukingo wa alumini bila haraka, kidole baada ya kidole, kuelekea kwenye kiwiko cha mdogo wake, ambaye bado alikuwa anamtazama yeye kwa macho ya mtu anayetaka kumfariji mwenzake.

Hakufikiri. Alijitupa sakafuni, akaokota skrubu na bisibisi, akaukamata waya ule ule, mahali pale pale, na umeme ukiwa ndani yake. "Tazama! Nilifanya hivi!" alipiga kelele, akaizungusha skrubu kwa nguvu zake zote.

Kukawa na mwanga wa buluu na mlio wa kupasuka. Kompyuta ikazima, taa ikazima, na Milimeta akagonga kabati kwa mgongo. Vidole vyake viwili vilikuwa vyeusi. Harufu ikajaa chumbani, ya nywele zilizopitiwa na moto, nzito, isiyokimbia.

Msomi alikuwa ameshapiga magoti kando yake, ameushika mkono wake ulioungua. Akanusa. Akanusa tena.

"Ni hiyo," alisema polepole. "Ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa naisikia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua. Nilipokupigia simu, ulijua."

"Nilijua."

"Ndala zile."

"Zilikuwa za kukukinga na umeme."

"Ukaniacha nikae hapo. Siku tatu, kaka. Mimi."

Nyuma ya meza kitu kikakunjuka, kikasimama. Joto likawapita, pazia likavutwa kuelekea nje, na chumba kikapoa. Milimeta alijua jambo limekwisha, na kwa pumzi moja alifurahi mpaka akataka kucheka. Kisha akamwona mdogo wake usoni. Ameamini, kweli ameamini, tena kila neno. Aliuweka mkono wa kaka yake chini, kwenye sakafu, kwa uangalifu, kama anayerudisha kitu ambacho si chake.

"Nenda, kaka," alisema.

Akaenda. Kifuniko alikiokota akakichukua, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake.

Ilipita miezi minne bila simu. Mwalimu alikutana naye njiani mara mbili na kumpa habari kwa ufupi: fundi umeme ameweka waya mpya, meza inatumika vile vile, mgongo wazi, nyaya zote zinaning'inia nje na Msomi hataki ziguswe. "Mpe muda, shemeji," alisema mara zote mbili. Milimeta alimpa muda. Alikuwa na hamu na mdogo wake kiasi kwamba alipika chai ya watu wawili bila kujua, akaimwaga nusu.

Kisha asubuhi moja, akiwa anapaka gundi miguu ya kiti, simu ikaita na jina la Msomi likatokea. Aliipokea kwa mkono wenye gundi.

"Umeingia kwangu lini?" Msomi aliuliza. Hakusalimia.

"Sijaingia."

"Kaka, usianze. Nimetoka dukani sasa hivi nimekuta meza imefungwa nyuma. Nyaya zote zimerudi ndani. Nimetafuta kiungo kwa ukucha sikipati. Nakubali ni kazi nzuri, ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Lakini nilisema zisiguswe."

Milimeta aligeuza kichwa. Kifuniko chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa karakana, na ukingo wake uliochanwa na msumeno. Akaikumbuka ile sauti ya ndani ya sanduku: litakuwa zuri kuliko lako.

"Msomi. Umekaa wapi?"

"Nimekaa mezani. Nina kazi."

Angeweza kusema ni yeye aliyeifunga, na wangeelewana, na Msomi angebaki amekaa pale.

"Inuka," alisema. "Si mimi niliyefunga. Inuka hapo, mdogo wangu, nakuomba, ni yule—"

"Umeanza tena," Msomi alisema, kwa uchovu zaidi kuliko hasira, akakata.

Milimeta alitupa brashi akatoka mbio barabarani, akipiga namba yake huku anakimbia. Simu iliita mpaka mwisho. Akapiga tena, ikaita mpaka mwisho tena, na alipopiga mara ya tatu ilipokelewa, ila aliyepokea hakusema kitu, alikuwa anapumua tu.